Daftari la Wasomaji wa Zimwi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza kwa dharau. Matone machache saa nne, kisha kimya, kisha saa nane ikamwagika kama mtu amepindua pipa. Chumba cha pili cha maktaba kinavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya rafu ya vitabu vya kilimo. Nimeweka ndoo.

Kwenye barua za leo kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki. Ndani, nakala tatu za riwaya mpya, bila barua wala jina la mtumaji. Inaitwa *Kinachosubiri Barazani*, na mwandishi ameweka herufi mbili tu mahali pa jina. Kwa kawaida vitabu vya kupewa ni vile ambavyo mwenyewe vimemshinda. Nilikifungua nikinywa chai, nikaja kushtuka chai imepoa na mimi niko ukurasa wa themanini.

Ni habari za zimwi. Halivunji mlango wala halibishi hodi. Mvua ikinyesha linasimama barazani kwa mtu, limetulia, viatu vikavu, likinuka mafuta ya mashine, likingoja mwenye nyumba alionee huruma alifungulie. Linaijua kila nyumba kwa mlio wa bawaba za mlango wake. Likishaingia, mwenye nyumba haonekani tena, ila taa yake inaendelea kuwashwa kila jioni saa ile ile.

Nimerudi nyumbani nikafunga na lile komeo la juu ambalo hatulitumii. Mamamkwe akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni upepo.

Jumatano, 6 Machi

Barua ya halmashauri: wanataka hesabu ya wasomaji mwisho wa Mei. Wasiporidhika, vyumba vyetu viwili watapewa watu wa idara ya ardhi. Wasomaji wa wiki hii ni sita, na wawili kati yao walikuja kujikinga mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata wazo. Nimechukua daftari la kurasa mia, nikalitoboa pembeni, nikalifunga kwa kamba kwenye rafu kilipo kile kitabu. Juu nimeandika: MAONI YA WASOMAJI. Kwa kuwa hakuna apendaye kuwa wa kwanza kuingia uwanjani, nimeandika maoni ya kwanza mimi mwenyewe: "Linatisha kwa adabu zake. Na ile harufu ya mafuta ya mashine, nilidhani ni fundi wetu wa vitasa amenisimamia nyuma."

Utani tu. Fundi ni mtu mzima wa miaka sitini hivi, ana kibanda chake mkabala na stendi, na nusu ya funguo za mtaa huu amezichonga yeye, zetu zikiwamo.

Alhamisi, 14 Machi

Wazo limeshika kuliko nilivyotarajia. Nakala zote tatu ziko nje na watu kumi na mmoja wamejiandikisha kungoja. Nanakili hapa maoni mawili nisije nikayasahau.

Nesi wa zahanati: "Mimi kazini naona maiti na wala silii. Kitabu hiki nimekisoma mchana kweupe, halafu nikamwomba jirani anisindikize uani. Simjui aliyeandika, lakini ningependa kumpa mkono. Ni miaka sijaogopa kitu ambacho si cha kweli."

Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maktaba, ameandika ukurasa mzima kuhusu koma. Mwishoni: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Hili linamjua kila mtu na linammaliza kila mtu. Mwandishi ajirekebishe, au atueleze ni nani huyo anayejua milango yetu yote."

Jumatatu, 18 Machi

Wameanza kumtaja. Sijui aliyeanza ni nani, labda niseme najua. Chini ya maoni ya Mwalimu mtu ameandika, bila jina: "Anayejua milango yote ni mmoja tu hapa mtaani." Mwingine kwa wino wa kijani: "Na viatu vyake havilowi. Mwangalieni."

Nilicheka. Halafu saa tisa Fundi akaja kutengeneza kitasa cha dirisha, mvua inanyesha nje, na mimi nikajikuta namtazama miguuni. Viatu vikavu kabisa.

Alipomaliza hakuondoka. Alikwenda kusimama kwenye rafu, akalifungua lile daftari, akasoma kwa muda mrefu, ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari.

"Umekisoma kitabu chenyewe, Fundi?" nikamwuliza.

"Nimekipitia."

"Unakionaje?"

"Wenzangu wanasema nini?"

Mtu akijibu swali kwa swali ana lake moyoni. Nikamwambia wanasema kinatisha. Akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda. Hakusema neno juu ya yale yaliyoandikwa kumhusu, na hawezi kuwa hakuyaona.

Ijumaa, 22 Machi

Nesi amekuja mbio kabla ya zamu. Jana alirudi nyumbani akakuta mlango haujafungwa, na anakumbuka aliufunga. Hakuna kilichopotea. "Ingekuwa wameiba ningeelewa," alisema. "Mtu anaingia kwangu, anaangalia, anatoka. Anataka nini?"

Nikamwuliza kitasa alitengenezewa na nani. Tukatazamana.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua kutwa. Mume wangu amepiga simu, lori limekwama barabarani na haji hadi wiki ijayo. Tuko wawili nyumbani, mimi na mama yake.

Jumatatu, 25 Machi

Mamamkwe amechoka na makomeo yangu. "Mwanangu, unafunga mlango kama tumeficha dhahabu. Jana nimekwama uani na kikapu cha nguo, nimegonga mpaka kiganja kimeuma." Nikamweleza habari za kitabu. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, akaniambia nimsomee. Nimemsomea jikoni sura nne za mwanzo, zile za mjane na zimwi barazani kwake, yeye anachambua mboga.

Kila aliyeandika maoni anasema ameogopa. Yeye hakuogopa. Alisikiliza mpaka mwisho wa sura ya nne, akakung'uta mapaja.

"Masikini," alisema.

"Nani masikini? Yule mjane?"

"Hilo zimwi. Linasimama nje muda wote huo na hakuna anayeliambia karibu. Aliyeandika haya amesimama sana nje ya milango ya watu."

Nikamwambia Mama, linamaliza watu. Akasema hajasikia mahali nimesoma kwamba limekula mtu. Nimerudi kuangalia. Kweli hapajaandikwa. Lakini sote tumesoma hivyo.

Alhamisi, 28 Machi

Karatasi ya kwanza ya daftari imechanwa. Imechanwa kwa utulivu, kwa rula labda, haikuacha hata uzi. Ni ile yenye maneno yangu, ule utani wa mafuta ya mashine. Nani ataitaka karatasi ile kama si yule aliyetajwa? Na kama ni utani tu, kwa nini aiondoe?

Jumatatu, 1 Aprili

Wasomaji wa Machi: mia moja na arobaini na mbili. Nilipaswa kufurahi.

Jumatano, 3 Aprili



Usiku kucha mvua ilikuwa kubwa kuliko zote za msimu huu. Nimefika maktaba saa mbili na nusu asubuhi nikitarajia mafuriko chumba cha pili. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Nikaingia. Ndoo niliyoiacha jana jioni imekaribia kujaa ilikuwa tupu. Haikuwa imepinduka, sakafu ilikuwa kavu. Mtu ameibeba, akaimwaga nje, akairudisha na kuiweka palepale. Vitabu vya rafu ile vilikuwa vimesogezwa upande mwingine na kupangwa kwa urefu wake, mimi sipangi kwa urefu. Daftari la maoni limehamishiwa rafu ya juu na kamba imefungwa fundo jingine, fundo dogo la kukaza ambalo mimi silijui.

Hakuna kilichopotea. Maneno ya Nesi yalinirudia: anaingia, anaangalia, anatoka.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na mwavuli mkononi mpaka msomaji wa kwanza alipokuja. Katika kitabu, sura ya sita, zimwi linapanga vyombo vya mwenye nyumba kwa urefu.

Ufunguo ninao mimi. Na aliyeuchonga.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemweleza Mwalimu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wakidanganya. "Andika kila kitu," akasema. "Kamati ikae Jumanne."

Jumanne, 9 Aprili

Kamati imekaa. Mwalimu, Nesi, afisa mpya wa halmashauri ambaye bado anauliza njia ya kwenda sokoni, na mimi kama shahidi. Nilisoma nilichoandika: viatu, karatasi, ndoo, fundo. Nikisoma kwa sauti kikaonekana kidogo. Afisa akakuna shingo.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwona mtu," akasema.

Nesi akaeleza mlango wake. Afisa akasema hilo nalo halina mtu. Akafunga faili lake. Niliona jambo zima linaelea linaondoka, na kesho niko peke yangu tena na ile ndoo. Mwalimu akanigeukia.

"Mama Vitabu. Siku ile jioni unaondoka, hukumwona?"

Nikasema, "Nilimwona. Alikuwa mlango wa nyuma."

Ndivyo nilivyosema. Niliondoka saa kumi na moja, mvua inapiga, kichwa chini ya mwavuli. Sikuona hata miguu yangu. Lakini kwa jinsi nilivyokuwa na hakika kwamba ni yeye, nilidhani kuona ni jambo dogo la kuongezea.

Afisa akafungua faili. Nikauliza kama Fundi ataitwa aseme upande wake. Mwalimu akasema mwizi haulizwi kama ameiba. Wameandika barua: arudishe funguo zote za majengo ya halmashauri, asipewe kazi tena. Mimi nimetia saini.

Jumatano, 10 Aprili

Fundi wa mtaa wa pili amekuja kubadilisha kitasa. Ameacha mlango unakwaruza.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimepishana na Fundi karibu na stendi. Alinisalimu kama kawaida, akauliza habari za Mama. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumatano, 17 Aprili

Watu wanabadilisha vitasa mtaa mzima. Kwa mshona viatu, kwa kinyozi, kwa Nesi. Mwenye kiwanja amemwambia Fundi ahamishe kibanda mwisho wa mwezi ujao. Leo asubuhi ubaoni pa kibanda chake palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: ZIMWI. Alikuwa anakwangua kwa msasa. Amefikia herufi ya pili.

Maoni mapya kwenye daftari hayahusu tena kitabu.

Jumamosi, 20 Aprili

Mamamkwe ametoka bila kuniambia. Sanduku lake la bati lilikuwa limegoma kufunguka tangu wiki iliyopita na nilimwambia angoje fundi mwingine. Nimemwona anarudi saa saba, sanduku kichwani mwa mwanamke jirani, yeye nyuma na mwavuli, ametulia kama ametoka kutembelea ndugu.

"Mama, umekwenda kwa yule?"

"Nimekwenda kwa fundi wa vitasa, kitasa kikiwa kibovu. Ulitaka niende kwa nani, kwa daktari wa meno?"

Akaketi, akavua viatu, akavipanga.

"Nimekaa kwenye benchi lake saa nzima," alisema. "Mvua ilinishika. Kuna jambo nimemwuliza na amenijibu. Sasa sijui kama nikuambie, kwa sababu wewe siku hizi ukipewa uzi unashona shati."

"Niambie."

"Nimemwuliza, ni wewe uliyeandika kile kitabu? Akaacha kazi. Akaniuliza, umejuaje. Nikamwambia, ule mlango wa mjane, unaolia juu kwa sababu bawaba ya chini imebeba peke yake miaka mingi. Nani mwingine angejua? Mmesoma nyote, watu mia na zaidi. Mmeuliza zimwi ni nani. Hamkuuliza mwandishi ni nani."

Nilimwambia haiwezekani. Nikamwambia Fundi amemdanganya, mtu mwenye hatia ataitikia chochote kitakachomsafisha. Mama akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nilipoolewa na mwanawe.

"Hakuitikia ili asafishwe," akasema. "Ameniomba nisimwambie mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu karatasi ile yenye saini ni yako."

Jumapili, 21 Aprili

Nimekisoma upya chote. Nimeona milango tu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefunga maktaba saa sita nikaenda kwenye kibanda chake.

Ni chumba cha hatua tatu kwa mbili. Benchi, jiko la mkaa la kuchemshia chai, msumeno mdogo, funguo mbichi, ambazo hazijachongwa, zimetungwa kwenye waya kama samaki. Mlangoni viatu viwili vya mpira vimejaa tope, na yeye ndani amevaa viatu vya ngozi vikavu. Aliniona nikivitazama.

"Wateja hawapendi tope kwenye vyumba vyao," akasema. "Hivi vya ngozi navibeba kwenye mfuko. Navaa nikifika barazani."

Miaka yote namwona na mfuko ule. Sikuwahi kujiuliza una nini.

Nikamwuliza habari za ndoo. Akasema siku ile jioni, giza halijaingia, alikuwa anapita akaona mfereji wa paa umeziba na maji yanarudi ndani. Afisa wa zamani, aliyehamishwa, alimwachia ufunguo mmoja kwa dharura za namna hiyo. Akazibua mfereji, akamwaga ndoo, akasogeza vitabu. Daftari lilikuwa linadondokewa, akalipandisha juu.

"Kwa nini hukuniambia kesho yake?"

"Nilikuja. Nilikuona kwa dirisha umekaa na mwavuli mkononi, ndani ya nyumba. Nikaona umeudhika na jambo, nikasema nitarudi. Kisha barua ikafika."

"Na barua ilipofika, mbona hukuja kujitetea?"

Akageuka kuangalia ukuta nyuma ya benchi. Nami nikaangalia. Ilikuwa pale, imebandikwa kwa misumari midogo minne, ile karatasi ya kwanza ya daftari.

"Hiyo niliiba," akasema. "Hapo kosa ni langu. Ningesimama vipi mbele ya kamati niseme mimi si mwizi, na hii iko ukutani kwangu?"

Nilisogea. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba karatasi ina pande mbili. Upande wangu ulikuwa umegeukia ubao. Uliokuwa unaonekana ni wa Nesi: *Simjui aliyeandika, lakini ningependa kumpa mkono.*

"Miaka sita nimeandika kile kitabu," akasema Fundi. "Kila nikimaliza kazi ya mtu. Maana kazi yangu mimi ni kusimama nje. Mtu ameniita mwenyewe, ufunguo umemvunjikia, halafu nikifika ananitazama kwa dirisha, anafikiria kama anifungulie mlango wa pili au asinifungulie. Hapo ndipo nilipolipatia zimwi. Nikaleta nakala tatu kwako nijue tu, je, linatisha? Basi. Yule binti akaandika vile. Sikuweza kuiacha pale."

Nikamwambia nitakwenda kwa Mwalimu sasa hivi. Nitasema wewe ndiye mwandishi na mambo yataisha leo leo.

"Hapana," akasema. "Hilo usiseme. Wakijua ni mimi kila mtu atajitafuta humo, na atajiona, hata asipokuwemo. Nani atanifungulia mlango wake tena? Kibanda nitapata kingine. Nyumba za watu nikizikosa, nitaandika nini?"

"Sasa nikusafishe kwa lipi?"

Akachukua tupa yake, akaanza kulainisha ufunguo. "Mimi sikuwepo kwenye kikao," alisema. "Sijui mlisema nini."

Aliyekuwepo ni mimi.

Jumanne, 23 Aprili

Siwezi.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwambia Mama yote, hata lile la mlango wa nyuma. Nilitaka anipe njia. Akasema, "Uliingia kwa mdomo, utatoka kwa mdomo." Akaenda kulala.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwomba Mwalimu aitishe kamati. Ameuliza ajenda. Nimemwambia ni ushahidi. Akafurahi, akadhani umepatikana mwingine.

Alhamisi, 2 Mei

Nilisimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame.

Nikasema: "Tarehe tisa mwezi uliopita nilisema nilimwona Fundi mlango wa nyuma. Sikumwona. Sikumwona mtu yeyote. Nimesema uongo na nimeutilia saini. Nimeshakwenda kumwuliza, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kwanza. Aliingia kuokoa vitabu visilowe, kwa ufunguo aliopewa na halmashauri yenyewe, na mkiangalia mfereji wa paa mtaona umezibuliwa."

Nilitarajia kelele. Mwalimu aliondoa miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali wake wa siku zote, "Mama Vitabu, yaliyopita si ndwele. Watu wamekwisha badilisha vitasa. Tukirudi nyuma tutaonekanaje? Tumwachie kibanda chake kimyakimya, na hili libaki humu."

Afisa akaonekana kuridhika. Nilikuwa karibu kuketi. Kumbe ndivyo inavyokuwa rahisi, nilifikiri, mtu akitaka kukusamehe ili asijiulize yeye mwenyewe.

"Alisemwa hadharani," nikasema. "Asafishwe hadharani. Kama hamtabandika ninyi, nitabandika mimi."

Mwalimu akasema nikifanya hivyo hatanitetea. Ndipo Nesi, aliyekuwa anazungusha kalamu tangu mwanzo, akasema bila kuinua uso:

"Mlango wangu uliachwa wazi na dada yangu. Alikuja kuchukua mwavuli. Aliniambia siku ya nne yake."

"Siku ya nne?" Mwalimu akauliza. "Ina maana ulipoketi hapa kwenye kikao ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshaeleza watu wengi," Nesi akasema.

Ijumaa, 3 Mei

Nimebandika. Karatasi mbili kubwa, moja mlango wa maktaba, moja stendi, jina langu chini. Saini ya pili ameweka Nesi. Sikuwa nimemwomba.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepewa onyo la maandishi na nimenyang'anywa ufunguo. Kuanzia leo Mwalimu ndiye anayefungua na kufunga. Anafika saa tatu na dakika kumi, mimi niko nje tangu saa mbili na nusu, nimesimama kwenye ngazi, maji yananidondokea kutoka kwenye paa. Watu wakipita wananisoma, kisha wanalisoma tangazo, kisha wananisoma tena.

Jumanne, 14 Mei

Mvua zinapungua. Mume wangu amerudi, amesikia habari njiani kabla hajafika nyumbani. Amekarabati mlango wa uani uliokuwa unagoma.

Jumamosi, 18 Mei

Mwenye kiwanja amemwachia Fundi kibanda. Lakini wateja hawajarudi. Nimewauliza watatu. Mmoja amesema kitasa kipya bado ni kizuri. Wa pili amesema anaona haya. Wa tatu, kinyozi, amesema tangazo amelisoma na ameamini, ila, "Unajua, ukishamwona mtu vile, kumwona upya ni kazi."

Ijumaa, 24 Mei

Hesabu imekwenda halmashauri: wasomaji mia nne na tisa tangu Machi. Vyumba ni vyetu kwa mwaka mwingine. Afisa ameniambia hivyo kwa simu, na akauliza kama kuna nakala ya kile kitabu iliyobaki.

Daftari la maoni nimelifungua tena leo. Lina kurasa ishirini za ubaya na sikuuchana hata mmoja. Nimeandika chini ya wino wa kijani: "Kuanzia hapa tuzungumzie kitabu."

Jumamosi, 25 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi, barabara inafuka mvuke. Nimekwenda kwa Fundi, si kwa kazi. Tumeketi kwenye benchi lake, ametia chai. Herufi nyekundu bado zinasomeka ukijua neno lililokuwapo. Tulikaa hivyo, kila mtu na kikombe chake, mpaka akaniuliza.

"Wewe hujaniambia."

"Nini?"

"Kitabu. Wengine wote wameandika, wewe uliandika utani. Unakionaje?"

Nilifikiria kumwambia ni kizuri. Ningeweza, na angekunywa chai yake. Lakini nimekwisha msemea maneno ya kutosha ambayo si ya kweli.

"Sura ya tisa umeikimbiza," nikasema. "Yule mama anafungua mlango kabla sijaamini kwamba angefungua. Sura nane nzima anashuku kila kitu, hata paka. Ghafla anafungua."

Fundi akaweka kikombe chini. "Anafungua kwa sababu amechoka kushuku."

"Basi ungeandika hivyo. Hukuandika."

"Niliandika. Ukurasa wa mia na kumi na mbili."

"Pale anafungua kwa sababu ya baridi."

Akainuka, akatoa nakala yake chini ya sanduku la misumari, akavaa miwani, akaanza kutafuta, uso umekunjamana. Ni mara ya kwanza kumwona amekasirika, na nilifurahi zaidi ya nilivyoweza kueleza. Wakati huo akafika mteja, mwanamke wa duka la vitambaa, kufuli mkononi. Wa kwanza kwa wiki nzima, nilikuja kuambiwa baadaye. Fundi akabadilisha maneno palepale.

"Mwandishi ameeleza wazi," akasema, kama mtu anayemtetea ndugu yake. "Soma mstari huu."

Nikausoma. "Mwandishi amekosea," nikasema.

Mwanamke alitutazama mimi na yeye, akakiona kitabu. "Sura ya tisa hiyo?" akauliza. "Mimi hapo ndipo nilipokiacha."

Nilimwangalia Fundi. Kufuli la watu lilikuwa limenyooshwa mbele yake na yeye hakulichukua. Alisogea kwenye benchi akampisha nafasi.

"Keti," akasema. "Kwa nini ulikiacha?"